Bill Jeffrey: Fundi wa reli aliyefundisha mpira chuoni kwa miaka 26

Wiki tatu zilizopita tulimzika kocha wetu wa mtaani. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nyumba yake bado ina msiba na sikuomba ruhusa. Waliocheza chini yake watajua ninamzungumzia nani. Alikuwa fundi wa mitambo. Akitoka kazini alikuwa akiswali alasiri, akivaa raba zake, kisha akichukua gunia lenye mipira miwili na kuja kiwanjani kutufundisha. Hakulipwa hata senti. Alianza kabla mimi sijazaliwa, na aliacha siku magoti yalipomkatalia.

Baada ya dua, watu hawakuondoka haraka makaburini. Tulisimama kando, kila mmoja na kisa chake. Palikuwa na daktari, nahodha wa boti, dereva wa tuktuk na mwalimu wa madrasa, wote wanafunzi wa yule mzee. Mjukuu wa marehemu, kijana wa sekondari, akatuuliza swali jepesi. Babu yake alianza kufundisha mwaka gani? Alishinda mechi ngapi? Tukaangaliana. Mmoja alisema miaka ya 1970, mwengine akabisha. Mechi hakuna aliyeweza hata kukisia.

Nadhani niliyeona haya zaidi ni mimi. Nina safu hii, na nimeandika kuhusu uhaba wa maji, takataka, bei ya unga na wanasiasa ambao wengine nimeshawasahau. Huyu aliyenifundisha kupiga pasi, kufika mapema na kukubali kushindwa bila kumtukana refa, sikuwahi kumwandikia hata mstari mmoja.

Usiku ule usingizi haukunijia vizuri. Nikamkumbuka kocha mwengine, ambaye alikufa kabla sijazaliwa, mbali na hapa, na ambaye hesabu zake ninazijua kwa moyo. Ameshinda mechi 153, ameshindwa 24, ametoka sare 29. Jina lake ni Bill Jeffrey. Leo naomba niwasimulie maisha yake, kisha nitarudi makaburini.

William Jeffrey alizaliwa Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, tarehe 3 Agosti 1892. Kandanda wakati huo ilikuwa bado mchezo mchanga. Sheria zake za kwanza ziliandikwa London mwaka 1863, na Waskoti ndio waliosifika mapema kwa kuchezea mpira chini na kupasiana badala ya kila mtu kukimbia nao peke yake. Jeffrey alikulia ndani ya mchezo huo. Alikuwa kijana wa kufanya kazi na kucheza, wa daraja lile la wachezaji wanaopata chochote kidogo lakini hawawezi kuishi kwa mpira.

Akaumia. Mama yake, kama mama yeyote, akaona mchezo huu utamlemaza mwanawe. Dawa aliyoiona ni kumpeleka mbali. Mwaka 1912, Jeffrey akiwa na umri wa miaka 20, akavushwa bahari hadi Marekani kwa jamaa wa familia, akaanze maisha mapya yasiyo na mpira.

Lakini mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kijana alifika jimbo la Pennsylvania na kupata kazi ya fundi katika mji wa Altoona. Altoona ulikuwa mji wa reli. Kampuni ya Pennsylvania Railroad ilikuwa na karakana kubwa pale, mahali pa kuunda na kutengeneza magari ya moshi, na wanaume wa mji ule karibu wote walikula kwa jasho la reli. Na karakana ilikuwa na timu ya mpira. Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa zaidi. Tunajua jinsi reli, bandari na kampuni zinavyozaa timu, na jinsi kijana anavyoweza kupata kazi kwa mikono yake na kuishikilia kwa miguu yake. Mama alimkimbiza mwanawe kutoka kwenye mpira, akamtua katikati yake.

Jeffrey alicheza kwa miaka mingi huko, mchana fundi, jioni mchezaji. Umri ulipoanza kumzidi akawa mchezaji na kocha kwa pamoja. Hapo ndipo maisha yake yalipopata mkondo.

Kama kilomita 70 kutoka Altoona, katikati ya vilima na mashamba, kulikuwa na chuo kilichoitwa Pennsylvania State College. Leo ni chuo kikuu kinachojulikana duniani, lakini wakati huo kilikuwa bado hakijaitwa chuo kikuu. Jina hilo kilipewa mwaka 1953. Mwaka 1925 timu ya Jeffrey ilicheza mechi ya kirafiki na wanafunzi wa chuo hicho. Wakubwa wa chuo walimtazama yule Mskoti wa karakana, namna anavyowaongoza wenzake huku yeye mwenyewe anacheza, wakampenda. Mwaka uliofuata, 1926, wakampa kazi ya kuwa kocha wa timu ya wanaume. Alikuwa na umri wa miaka 33, akienda 34. Kwa kulinganisha tu, mwaka huo huo wa 1926 ndio Kenya na Uganda walipoanza kugombea Kombe la Gossage.

Mtu akisikia kocha wa chuo cha Marekani anaweza kudhani ni kazi ya fahari. Haikuwa hivyo kwa mtu wa soka. Nchini kule mchezo wa wanaume chuoni ulikuwa, na bado ni, ule wao wa kushika mpira kwa mikono na kugongana vifua. Huo ndio uliojaza viwanja, na makocha wake ndio waliojulikana mitaani. Soka ulikuwa mchezo wa wahamiaji na wafanyakazi wa viwandani. Hakukuwa hata na mashindano ya kitaifa ya vyuo ya kumpata bingwa. Hayo yalianza mwaka 1959, Jeffrey ameshastaafu. Katika enzi yake timu bora zilitajwa tu mwisho wa msimu kwa kuangalia nani ameshindana na nani, na vikosi vyake vilitajwa hivyo mara nyingi.

Sasa tuziangalie zile hesabu. Jumlisha ushindi, kushindwa na sare, unapata mechi 206. Gawanya kwa miaka 26, unapata mechi kama nane kwa mwaka. Mechi nane tu! Timu ya mtaani hapa kwetu hucheza hizo ndani ya Ramadhani moja. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya maisha ya Jeffrey haikuwa mechi. Ilikuwa mazoezi, jioni baada ya jioni, baridi ikianza kuingia kwenye vilima vile, hakuna watazamaji, hakuna magazeti, ni yeye na vijana waliotoka darasani.

Vijana hao nao hawakai. Kocha wa klabu akipata mshambulizi mzuri anaweza kuwa naye miaka kumi. Kocha wa chuo anakaa na mchezaji miaka mitatu au minne, kisha kijana anavaa joho, anapewa cheti, anaondoka. Kila mwaka anafungua timu upya. Wengi waliomjia Jeffrey walikuwa watoto wa Marekani ambao hawakukulia kwenye soka kama yeye. Ilimbidi aanze na kutuliza mpira, kuinua kichwa, kutafuta mwenzako kabla hujaupokea. Akimaliza kumfinyanga mmoja, anamuaga. Kesho anaanza na mwengine.

Ndiyo maana hesabu moja ya Jeffrey inanishangaza kuliko zote. Kati ya mwaka 1932 na 1941 timu yake ilicheza mechi 65 mfululizo bila kushindwa. Katika miaka hiyo tisa wachezaji wake walibadilika wote, si mara moja, bali zaidi ya mara mbili. Kijana aliyeanza mfululizo ule alikuwa ameshaoa na pengine ana watoto ulipokwisha. Kwa hivyo huwezi kusema kwamba Jeffrey alipata bahati ya kizazi kimoja cha vipaji. Vizazi vilikwenda na vyengine vikaja, na mwenye filimbi alikuwa yule yule.

Mwisho wa mwaka 1941 Marekani iliingia vitani, na vijana wa umri wa chuo ndio walioitwa. Vita vilipokwisha Jeffrey aliendelea pale alipoachia. Tarehe 1 Januari 1950 timu yake ilikwenda St. Louis kucheza na Chuo Kikuu cha San Francisco, katika mechi iliyoandaliwa kuwakutanisha wakali wa mashariki na wa magharibi. Walitoka sare ya mabao 2-2. St. Louis ni mji wenye mapenzi makubwa ya soka, na baadhi ya vijana wake Jeffrey alikuwa karibu kukutana nao kwa njia ambayo hakuitazamia.

Mwaka huo Kombe la Dunia lilirudi baada ya kusimama miaka 12 kwa sababu ya vita. Lilifanyika Brazil. Marekani ilipata nafasi ya kwenda, na zikiwa zimebaki wiki kama mbili tu, shirikisho lao likamwita Bill Jeffrey awe kocha. Alikuwa na umri wa miaka 57. Baada ya misimu 24 ya kufundisha wanafunzi, alipewa timu ya taifa kwa siku zinazotosha kufunga safari tu.

Wachezaji wenyewe walikuwa watu wa kazi. Kipa, Frank Borghi wa St. Louis, alikuwa akiendesha gari la maiti katika biashara ya mazishi ya familia yao. Harry Keough, beki, alikuwa tarishi wa posta. Walter Bahr, kiungo, alikuwa mwalimu wa shule mjini Philadelphia. Mshambulizi Joe Gaetjens alikuwa Mhaiti aliyekwenda New York kusomea uhasibu, na ili apate nauli na chakula alikuwa akiosha vyombo katika mkahawa. Ed McIlvenny alikuwa Mskoti kama kocha wake. Hata mwandishi wa habari aliyetoka Marekani kuwafuata alikuwa mmoja tu, Dent McSkimming wa gazeti moja la St. Louis, naye alichukua likizo na kujilipia safari mwenyewe.

Mechi ya kwanza, tarehe 25 Juni, walicheza na Uhispania mjini Curitiba. Wamarekani walitangulia kwa bao la Gino Pariani na wakalilinda hadi zikabaki dakika kama kumi. Hapo miguu ikaisha. Uhispania ikafunga matatu. Walioangalia matokeo ya 3-1 kwenye karatasi waliona timu dhaifu imepigwa. Jeffrey alikuwa ameona timu iliyosimama kwa dakika 80 mbele ya wakubwa.

Siku nne baadaye, tarehe 29 Juni 1950, walikutana na Uingereza mjini Belo Horizonte. Uingereza ilikuwa inashiriki Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, kwa sababu miaka iliyopita ilijiona ni mwenye mchezo na haina haja ya kushindana na wanafunzi wake. Kikosi kilikuwa na Billy Wright, Alf Ramsey, Tom Finney, Stan Mortensen na Wilf Mannion. Stanley Matthews, aliyekuwa maarufu kuliko wote, alikuwako Brazil lakini hawakuona haja ya kumchezesha. Walikuwa wanamhifadhi kwa mechi ngumu. Jeffrey mwenyewe, inasimuliwa, hakuwapa waandishi tumaini lolote. Alizungumza kama mtu anayejua vijana wake wanapelekwa machinjoni.

Alifanya jambo moja ambalo huwa ninalifikiria. Bahr ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ile. Kwa siku ile Jeffrey alimpa unahodha McIlvenny, Mskoti mwenzake, aongoze dhidi ya Waingereza. Ukimjua Mskoti utaelewa. Kwa wengine ilikuwa mechi ya kundi, lakini kwa wawili hawa ilikuwa na habari nyengine ya zamani ndani yake. Bahr hakususa, na jioni ile ndiye aliyefanya kazi kubwa.

Waingereza walianza kwa kishindo. Walipiga mashuti mfululizo na mpira ukagonga mwamba. Borghi, yule dereva wa gari la maiti, alikuwa akiruka huku na huku. Kanuni za wakati huo hazikuruhusu kubadilisha mchezaji. Kumi na mmoja walioingia ndio wanaotoka, ukiumia utachechemea. Kocha hana la kufanya ila kukaa na kutazama.

Kama dakika ya 38 Bahr alipata mpira mbali na lango akapiga shuti. Kipa Bert Williams alikuwa ameshaanza kulifuata. Gaetjens akajirusha katikati ya watu, mpira ukamgusa kichwani, ukabadilisha njia na kuingia. Wabrazili waliojaa jukwaani wakalipuka kwa furaha, kwa kuwa Uingereza ndiyo waliyoihofia. Kipindi cha pili kilikuwa cha kushikilia. Mwishoni Charlie Colombo alimkamata Mortensen kwa nyuma akamwangusha karibu na eneo la hatari. Frikiki ikapigwa, mpira ukaenda kwa kichwa kuelekea langoni, na Borghi akaupangua kwa ncha za vidole. Filimbi ya mwisho ikalia. Marekani 1, Uingereza 0. Watu waliingia uwanjani wakambeba Gaetjens mabegani.

Msomaji wangu, hapa ndipo filamu na vitabu vingi hukomea. Lakini mimi naomba tuendelee, kwa sababu yaliyofuata ndiyo yanayonihusu.

Tarehe 2 Julai Marekani ilicheza na Chile mjini Recife, ikafungwa 5-2, ikatoka. Wachezaji walirudi nyumbani kimya kimya. Hapakuwa na umati wala bendi. Siku ile ile walipocheza na Uhispania, vita vya Korea vilikuwa vimeanza, na magazeti ya Marekani yalikuwa na habari nyengine za kuandika. Borghi alirudi kwenye gari lake la maiti, Keough kwenye barua zake, Bahr darasani. Nchi yao haikurudi tena Kombe la Dunia hadi mwaka 1990, miaka 40 kamili.

Gaetjens kisa chake ni kizito zaidi. Alirudi Haiti, akaichezea pia nchi yake ya kuzaliwa, akaoa, akaendesha biashara. Mwezi Julai 1964, wakati wa utawala wa François Duvalier, alikamatwa na watu wa serikali na hakuonekana tena. Familia yake haikupata hata kaburi la kusimama mbele yake.

Na Jeffrey? Alirudi kwenye vilima vyake akafundisha wanafunzi. Msimu ulipoanza aliwatoa vijana uwanjani kama kawaida. Mtu aliyeiangusha Uingereza mbele ya ulimwengu alirudi kumwelekeza kijana wa mwaka wa kwanza namna ya kusimamisha mpira kwa upande wa mguu. Nimejaribu kuwaza kocha wa leo akifanya hivyo na sikumpata.

Mwaka 1951 serikali yake ilimwomba apeleke timu ya chuo ziarani Iran. Vijana waliotoka kwenye mashamba ya Pennsylvania wakajikuta wanacheza mpira mbele ya Waislamu wa Uajemi, na fundi wa zamani wa reli akiwa mbele yao. Mwaka huo huo aliingizwa katika orodha ya heshima ya soka ya Marekani. Mwaka 1952 akaiacha timu aliyoilea miaka 26. Baadaye alikwenda kufundisha chuoni Puerto Rico. Alifariki Januari 1966, akiwa na umri wa miaka 73.

Lakini hakuachwa apotee. Makocha wenzake wa vyuo waliweka tuzo kwa jina lake, ya kuwaheshimu wanaoutumikia mpira wa vyuo kwa miaka mingi. Mwaka 1972 chuo chake kiliupa uwanja wa soka jina la Jeffrey. Na miaka miwili baadaye, mwaka 1974, aliyekuja kuwa kocha kwenye uwanja huo hakuwa mgeni. Alikuwa Walter Bahr, yule yule aliyenyang'anywa unahodha Belo Horizonte kisha akapiga shuti lililozaa bao. Akafundisha pale hadi 1988. Keough, tarishi wa posta, naye alikuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Saint Louis na akashinda ubingwa wa taifa wa vyuo mara tano. Kutoka kwenye kikosi kile kimoja walitoka makocha wawili wakubwa wa vyuo.

Sasa nirudi makaburini, kama nilivyoahidi.

Tofauti kati ya Bill Jeffrey na mzee wetu ni ipi? Wote walikuwa mafundi. Wote walianza kwa kucheza, wakaishia kufundisha. Wote walipokea watoto wasiojua kitu na kuwaachia watu wazima. Mzee wetu hakuwahi kuiangusha Uingereza, hilo ni kweli. Lakini nimeshawaonyesha kwamba hata Jeffrey hakuwa mtu wa siku ile moja. Wiki mbili za Brazil haziwezi kueleza miaka 26. Ninachokiona ni kwamba pale chuoni palikuwa na mtu aliyekuwa akiandika. Kila mechi ilipokwisha, mtu fulani alichukua kalamu akaweka tarehe, jina la mpinzani na mabao. Mtu huyo jina lake silijui. Bila yeye, mechi 65 zingekuwa porojo za barzani, na mimi nisingekuwa na cha kuwasimulia leo.

Sisi hatukuandika. Mzee wetu pengine naye alikuwa na mfululizo wake. Nakumbuka msimu mmoja tulishinda tangu mwanzo hadi mwisho, lakini nikijaribu kuhesabu ninafika mechi ya sita kumbukumbu inachanganyika. Kiwanja chetu nacho kimekwenda. Kilizungushiwa mabati usiku, tukaambiwa kina mwenyewe, na leo pamesimama magodauni. Hakuna karatasi tuliyoweza kuitoa kuonyesha kwamba watoto wa mtaa walicheza pale kwa miaka zaidi ya thelathini. Jeffrey ana uwanja wenye jina lake, na mzee wetu hata ule usio na jina ulichukuliwa akiwa hai, akiutazama.

Najua watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, wao wana vyuo na makabati ya kuwekea karatasi. Mimi sikubali. Watu wetu wameandika tangu zamani. Tuna hati za ndoa, madaftari ya biashara za majahazi na tenzi za mababu zetu. Nyumba nyingi za Mji wa Kale hadi leo zina kitabu kilichoandikwa ndani tarehe za kuzaliwa watoto. Tulijua kuandika. Tulichokosea ni kudhani kwamba kocha wa mtaani hastahili wino.

Wiki iliyopita nilinunua daftari. Nilimchukua yule mjukuu tukaenda kwenye barza wanayokaa wachezaji wa zamani baada ya magharibi. Tuliuliza maswali matatu tu. Ulicheza mwaka gani? Mlicheza na nani? Matokeo yalikuwaje? Palibishwa sana, kahawa ikanyweka, lakini yakapatikana. Mzee mmoja alirudi nyumbani akaleta picha ya timu iliyochakaa, na nyuma yake pameandikwa kwa kalamu ya risasi mwezi, mwaka na mabao. Mjukuu aliishika ile picha kwa mikono miwili, hakuzungumza kwa muda. Babu yake yuko pembeni, amechutama, gunia la mipira liko mbele yake.

Mpaka sasa tuna misimu minne, na yote ina mapengo. Si haba. Nawaomba wasomaji wa Kisauni, Majengo, Likoni, Changamwe, Malindi, Lamu na kwengineko, kila mtaa wenye kocha wa aina hii, mkae naye kabla jua halijazama. Chukueni daftari la shule tu. Andikeni jina lake, mwaka alioanza, kiwanja alichofundishia na vijana waliopita mikononi mwake. Kama yuko hai, mpelekeeni alisome mwenyewe, afute yaliyo ya uongo. Mzee wetu hatukumwahi.

Mwenyezi Mungu amrehemu, alijaalie kaburi lake liwe na nuru, na atusamehe sisi wanafunzi wake tulioshika kalamu tukiwa tumeshachelewa.